Kivuli Upande wa Kulia

Leo fundi amenichorea gauni kwa chaki, na tangu aondoke vumbi la chaki hiyo halijaniacha nitulie.

Shuleni Temeke nilikaa dawati moja na binti wa karani kutoka bara. Siku moja mwalimu alitupa hesabu mbili, tupange namba kwa chaki chini ya vibao vyetu, tuzichore hesabu hizo juu yake kama mistari miwili inayokatana, tutie kivuli pale wa kwanza ulipo chini ya wa pili. Atakayekosa hapandi darasa.

Mie, kwa mazoea ya chuo cha Kurani, nilipanga namba kuanzia kulia. Mwenzangu alianzia kushoto, akatia kivuli kushoto, sawasawa kabisa. Kisha akachungulia kibao changu, akaona kivuli kiko kulia. Akafuta chake kwa kiganja, akakihamisha.

Mwalimu alinicheka. "We bibi, hesabu unaisoma kama juzuu? Haya, kwa namba zako umepata." Akamgeukia mwenzangu. "Wewe umekosa."

"Si nimefanya kama huyu!"

"Huyu kaanzia kulia. Wewe je?"

Mwalimu hakumwonea. Wala mie sikumwambia aige. Ila nilimwona akifuta, na kwamba namba zetu zimepishana nilikuwa nimeshajua, au nadhani nilijua. Nikanyamaza, nikapanda darasa.