Kikohozi cha Dada

Kinyozi huyu mkono wake hautetemeki hata mteja akilia. Ndiyo maana dada yake, anayesuka nywele kwenye kona ya saluni hiyo hiyo, ana kikohozi kisichopona. Mteja akisema amefiwa, dada hukohoa, na mdogo wake hukumbuka kusema, "Pole sana, ndugu yangu," kwa sauti tamu kama asali, huku akiuchungulia uso wa mteja kwenye kioo ili auige. Kisha huendelea kunyoa akipiga mluzi, na dada hulazimika kukohoa tena. Ndivyo alivyo tangu utotoni: chozi la mtu kwake ni maji tu, lakini pole hamnyimi mtu akikumbushwa.

Siku walipofungua tena saluni baada ya kumzika mama yao, dada alishika kitana, akaangua kilio. Hakukohoa. Kinyozi akazima mashine, akamtazama, akatazama kioo, akakwama.

"Dada, hapa huwa nasema nini?"

"Usiseme kitu. Kaa tu."

Akakaa, mikono magotini, kama mteja anayesubiri zamu yake. Baada ya muda akanong'ona, "Tayari?"

"Bado."

Akasogeza kiti karibu zaidi, akaendelea kusubiri.