Krenki Iliyokataa Kuzunguka

Mwenzangu niliyempiga nilikuwa nimefanya naye kazi miaka tisa, kwenye gereji yetu ya mabati mjini Bukoba. Mimi ni wa Kaagya, yeye wa Izigo. Ufundi tulifundishwa na mzee mmoja aliyetuchapa kwa mkanda wa feni kila tulipokosea, na nadhani mimi nilichukua kwake vyote viwili, kazi na kipigo.

Siku ile tulikuwa tunarudisha krenki kwenye injini ya pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Krenki ni ule mhimili mzito wenye mapindo, unaogeuza mapigo ya pistoni kuwa mzunguko. Tangu asubuhi mwenye gari alikuwa ananipigia simu na kunitukana, kwa kuwa kahawa yake ilikuwa imekwama Muleba. Nilifuta haraka haraka vikalio vya beringi, pale zinapokaa kwenye bloku, yaani mwili wa injini, nikapachika beringi, nikapaka oili. Tuliinua krenki wawili, tukailaza. Yeye akafunga kepu zinazoibana, kuanzia ya katikati, kila moja kwa namba yake.

Nikaishika niizungushe. Haikwenda.

"Umegeuza kepu," nikamwambia.

"Sijageuza. Tufungue moja moja, tuangalie."

"Hatufungui kitu."

Nilichukua chuma kirefu ili niilazimishe. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Ndugu yangu, utaiharibu," alisema kwa upole.

Upole ule ndio ulionipandisha hasira. Nilimpiga kwa kile chuma kwenye kifundo cha mkono. Mfupa niliusikia. Hakulia, alinirukia kwa kichwa, akanipasua mdomo, tukaanguka juu ya trei ya oili chafu. Alinigongesha uso sakafuni mara tatu au nne, kwa mkono mmoja tu, nami nikamng'ata bega mpaka nikaonja damu, sijui ilikuwa yake au yangu. Mafundi wa matairi wa jirani ndio waliotutenganisha. Mmoja alinikalia kifuani hadi nilipoacha kutukana.

Wakampeleka hospitali. Mimi nikabaki na injini. Nilifungua kepu, na zote zilikuwa zimekaa sawa. Nilipoinua krenki na kubandua beringi ya tatu, chini yake, upande wa bloku, palikuwa na uzi wa chuma mwembamba kama unywele. Kikalio kile nilikifuta mimi.

Niliutoa, nikairudisha krenki peke yangu, nikikaza kidogo kidogo na kuizungusha baada ya kila kepu. Ilizunguka bila kugoma.

Jumapili nilikwenda Izigo. Kwetu mgeni hupokewa kwa "nyegera", yaani karibu. Mke wake alitoka kibanjani, kati ya migomba, akiwa bado ameshika panga, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, umekuja kummalizia?"

"Nimekuja kumwambia kwamba kosa lilikuwa langu."

Mwenzangu alitoka ndani, mkono uliovunjika ukiwa umefungwa plasta. Nikamweleza habari ya ule uzi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipiga kofi kwa mkono mzima, akaongeza la pili, na la tatu likaniangusha magotini. Sikujikinga. Mke wake hakumzuia.

"Nilijua," alisema huku akihema. "Nilikuona ulivyofuta. Nilinyamaza kwa sababu nakuogopa. Miaka yote hii nakuogopa."

Nilisimama, nikajipangusa damu. Nikaondoka.

Hakurudi gerejini. Sasa ana karakana yake Muleba, ila kile kifundo hakigeuki vizuri, na nati anazikaza kwa mkono wa kushoto. Tukikutana barabarani ananisalimia kama anavyomsalimia mtu yeyote. Wapo mafundi wawili waliowahi kuniomba tufanye kazi pamoja. Wote niliwakatalia, na sikuwaambia sababu.