Viti Vilipotolewa Nje

Saruji mbichi ina harufu ya baridi, kama chungu kipya kilichomwagiwa maji. Nikiipata popote, hata leo, huondoka mahali hapo. Ndiyo iliyojaa nyumba yetu ya Katuba mama alipokuwa akiugua chumbani, nyuma ya pazia, tumbo limevimba na miguu imekonda.

Kwa miaka mingi mama aliomba sebuleni pawekwe karo, vile vigae vya sakafuni. Hospitali walipomrudisha nyumbani, baba alilivaa jambo hilo kama mtu anayefukuzwa. Alitaka mama azione karo kabla hajafumba macho. Lakini sakafu ya zamani ilikuwa imebomoka, ikabidi kwanza ing'olewe, kifusi kishindiliwe, imwagwe zege, kisha juu yake tabaka laini la saruji ambalo mafundi wetu huliita shape. Fundi akasema shape lazima ikauke vizuri, haraka haraka haina baraka. Baba akamjibu kwamba hana nafasi ya kungoja baraka.

Tulianza kwa kutoa vitu vyote uani: viti, meza, kabati. Sasa, msomaji wangu, kwetu viti vikitoka nje asubuhi, jirani haulizi. Anajua kuna kilio, na sebule inaachwa wazi ili akina mama wakae chini. Jirani yetu Mama Odette alipoona kabati letu juani, alivua viatu akaingia akilia, na wengine nyuma yake. Walimlilia mama kwa jina, wakasifu roho yake nzuri, wamesimama juu ya kifusi.

Sauti nyembamba ikatoka nyuma ya pazia: "Mama Odette, ulie polepole. Mie niko nasikia."

Sisi watoto tulicheka hadi tukaanguka. Mama naye alicheka. Baba alitoka nje, akasimama akiangalia ukuta.

Shape ilipoanza kukauka, mawingu yakakusanyika, na baba akataka kuingiza viti mpaka siku ya kubandika karo. Mama akamzuia.

"Bile bintu muache tu inje," alisema. "Mubifunike na bashi."

Nilifurahi sana. Nilishinda kwenye kochi chini ya bashi, turubai lile, nikajiona tajiri.

Karo hakuziona. Akina mama walikaa juu ya shape tupu, nami katikati yao, vumbi la saruji limenishika gauni.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipomuuguza mume wangu. Mama alimwonea baba huruma. Hakutaka avitoe viti vile mara ya pili, kwa kilio cha kweli.