Shikoni za Mama

Mama alipokuja kuishi nami Berchem, huku Ubelgiji, baada ya kumzika baba kule Lubumbashi, alikuwa akila mkate na chai tu. Nikipika, anagusa chakula kwa adabu, kisha anadai ameshiba. Nilimfuatia matembele hadi maduka ya Waafrika ya Saint-Josse. Akayanusa, akasema yamechoka na safari. Lakini mimi ni mbishi wa kuzaliwa. Nilijiapiza kwamba mama yangu atakula.

Kitu pekee alichowahi kukitafuna hadi mwisho nyumbani kwangu ni kiini cha shikoni, ile mboga nyeupe ya Wabelgiji, kwa sababu kina uchungu. Basi nikaamua kuzipanda mwenyewe. Jirani yetu, mzee Mbelgiji wa ghorofa ya kwanza, akanipa mizizi na kunifundisha: unaisimamisha kwenye ndoo yenye udongo, unaitia maji, unaifunika blanketi zito kwenye stoo chini ya jengo. Majani huchipuka gizani, meupe na laini. Alinionya kwamba mwanga ukiyapata, basi tena.

Kila jioni nilishuka kuchungulia. Halafu kazi ikanibana wiki nzima. Nilipopata nafasi, ndoo haikuwepo. Niliikuta chumbani kwa mama, dirishani, majani yamefumuka na kuwa kijani kabisa.

“Mutoto wangu,” mama aliniambia bila haya, “hii mboga ilikosa nini, mpaka unaifunga mu giza? Alors, mie nikaitosha, nikaileta ku mwangaza.”

“Maman, njo vile banaipandaka huku!”

Nilikasirika. Jirani alipanda kuja kuona, akaonja jani moja, akakunja uso. Chungu mno, alisema, tutupe tu. Mama alimsindikiza mlangoni kwa heshima zote, akarudi na kisu.

Aliyakata, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayaunga kwa karanga za kusaga. Mimi nikasonga bukari, ugali wetu wa kwetu Lubumbashi, bado nimenuna.

Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, bila kuinua kichwa. Niliogopa hata kukohoa, asije akaacha. Mwishowe akasita, akatazama sahani.

“Papa yako angesema chumvi haitoshe,” akasema.

Tangu mazishi hakuwa amemtaja. Nikaleta chumvi, nikamwongezea bukari kabla hajaomba, naye akaendelea kula huku machozi yakimtiririka.