Dole Gumba Langu Limetoka Mara Tatu

Jamani wanachama, leo nimejiona mwenyewe nikitoka ndani ya mashine!

Katibu, andika hivi hivi nisemavyo, ubandike mlangoni.

Asubuhi wametuletea mashine ya kunakili hapa ofisi ya chama cha pamba, sisi kamati tuikague kabla ya kununua.

Wakasema inanakili chochote. Nikabisha.

Nikasema, maandishi yenu ya shule itayaweza. Dole gumba langu, thubutu! Ndilo sahihi yangu, na Mungu aliumba moja tu.

Muuzaji akacheka. "Babu, tia dole kwenye karatasi hii tuone."

Nikatia. Akailaza karatasi mashineni, akafunika, mwanga ukapita.

Wenzangu! Yakatoka madole matatu, hata kovu langu la jembe limo!

Mwenyekiti akayachanganya na langu. "Mzee Masanja, lipi lako?"

Mimi huyu, niliyemfukuza fisi kwa fimbo, nikakaa chini.

Mtu akitaka kuuza ng'ombe wangu, si analitoa dole langu mashineni tu?

Wamesema watainunua.

Basi sikieni. Kuanzia leo msiliamini dole langu mpaka mnione nikilichovya wino.

Na hili hapa chini nimelitia mbele ya katibu. Muulizeni.