Siku Bibi Aliponiamkia

Juzi nilipita karibu na darasa moja hapa Musoma ambako wageni hujifunza Kiswahili cha mwanzo. Mzungu mmoja mwenye mvi alifanikiwa kusema, "Nimekula ugali na samaki," na wenzake wote wakampigia makofi. Nilisimama dirishani nimekasirika, rafiki yangu, wala sioni haya kukwambia. Mimi kwa Kiswahili hichohicho nilichapwa.

Kijijini kwetu, kule ziwani, tuliongea Kijita tu. Nilipofika darasa la tatu nikaletwa kwa shangazi, mtaa wa Nyakato hapa Musoma, nisome shule ya mjini. Asubuhi tulifagia uwanja kwa matawi, vumbi likitujaa puani, kisha tunaingia darasani kuwindana. Kulikuwa na daftari la kilugha. Ukiponyokwa na neno la nyumbani, kiranja anakuandika, na Ijumaa mwalimu anasoma majina. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema kabla ya kila fimbo, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Kama yu hai, ajue sijamsamehe.

Likizo nilimwonyesha bibi alama miguuni. Bibi hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji. Alinipaka samli, akaniuliza kwa Kijita, "Kwani wanataka mseme nini?" Nikamwambia mwalimu akiingia tunasimama, tunasema shikamoo. Akawa analirudia neno hilo jikoni huku anasonga ugali. Sikumweleza kwamba mdogo ndiye humwamkia mkubwa. Nilidhani kila mtu anajua.

Muhula uliofuata alipanda boti hadi Mwigobero, bandarini hapa mjini, akaja kwa miguu mpaka shuleni na kapu la furu, visamaki vya ziwani, waliokaushwa. Akatokea mlangoni katikati ya somo. Akinisemesha Kijita nami nikajibu, nimeandikwa. Nilijua mimi, na alijua yeye. Akajifuta jasho kwa khanga, akanitazama, akasema vizuri kabisa:

"Shikamoo."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akashika meza.

"Kumbe kwenu bibi huwaga anaamkia wajukuu?" akaniuliza. "Haya, mkubwa, mjibu! Hapa si tunaongeaga Kiswahili?"

Kiranja alikuwa ameshafungua daftari. Ningeweza kusema neno moja tu la kwetu, nikachapwa kama kawaida, yakaisha. Nilisema, "Marahaba."

Bibi akatabasamu. Alidhani ameniokoa. Akaliweka kapu chini, akaondoka kuwahi boti, na wale watoto wakaniita babu mpaka mwisho wa mwaka.

Sijui nani alimweleza baadaye, ila alielezwa, kwa sababu likizo iliyofuata hakuniuliza lolote la shule. Nami sikurudi tena kwenye daftari lile. Nilikunjika vizuri. Leo watu husifia Kiswahili changu, na kila wakikisifia natamani kuwatukana. Kijita nakielewa msibani, watu wakiongea polepole, lakini kujibu siwezi.

Bibi alipokuwa mahututi nilikwenda nikakaa kitandani kwake. Nilikuwa nimekuja kumwomba radhi. Nikayatafuta maneno ya kwetu, moja baada ya jingine, sikuyapata, nikamwomba kwa Kiswahili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamgeukia shangazi na kumuuliza kwa Kijita huyu mgeni anasema nini.