Kisima cha Bi Mwanaheri

Tulifika Mtwara mwaka 1993, vumbi la Newala bado limetuganda miguuni. Baba yangu, Silvesta, alikuwa karani wa ghala la korosho la ushirika. Soko lilipoachwa huria na wanunuzi binafsi wakaja na mizani zao, ghala likafungwa, naye akapewa barua ya shukrani, kana kwamba barua huliwa. Akasikia kwamba bandarini wanataka makuli. Tukapanga chumba kimoja Chikongola, nyumbani kwa Bi Mwanaheri, mjane asiye na maneno mengi.

Siku ya pili baba alitupeleka watoto kuiona bahari. Mama hakwenda, kwa kuwa alishatoka na ndoo.

Uani palikuwa na kisima, hatua kumi tu kutoka mlangoni kwetu. Mama hakukigusa. Kila alfajiri alikwenda bombani, mtaa wa mbali, akapanga foleni, akarudi jua limeshapanda na shingo imemkakamaa. Mchana akaenda tena. Mimi Dominika, mtoto wake wa kwanza, nilimsindikiza nikinung'unika, nikiamini mji ndivyo ulivyo, shida zile zile ila hewa ina chumvi.

Wiki mbili zikapita hivyo. Asubuhi moja tukamkuta Bi Mwanaheri anatungoja ukumbini. Shikamoo ya mama aliiitikia kwa shingo upande. Akasema mwezi ukiisha tutafute chumba kwingine, maana hawezi kukaa na watu wanaoyaona maji yake machafu, au wanaomdhania mchawi.

Mama akaitua ndoo taratibu. Hatukuwa na pa kwenda. Baba alikuwa bado anapata kazi leo, kesho anakosa, na Newala tulishaaga.

"Sikuyadharau, mama," akamwambia Bi Mwanaheri. "Kwetu maji ya mtu ni jasho lake. Huyachoti mpaka mwenyewe akukaribishe. Nilikuwa nangoja."

Bi Mwanaheri akakinyooshea kisima kidole.

"Mama Dominika, hapa ukishapewa chumba, na kisima umeshapewa. Nani anakaribishwa maji?"

Nadhani aliona aibu, kwa sababu aliishika kamba yeye mwenyewe kwa hasira, akatumbukiza ndoo, akaivuta. Haikuchukua hata dakika moja. Akaiweka miguuni kwa mama, akamwambia habari za kuhama azisahau.

Nilitegemea mama atacheka. Badala yake aliketi pale pale chini, kanga imelowa, akalia kama aliyefiwa. Nikamshika bega, nikamwambia yameisha, hatufukuzwi tena.

"Si hilo, mwanangu," akasema. "Kule Newala nimeteremka bondeni kufuata maji miaka ishirini na miwili. Mimba mbili ziliniharibikia nikiupanda mlima ule na ndoo kichwani. Kumbe kuna wanawake wanayavuta tu hivi, wamesimama mlangoni kwao."